Bagamoyo kwa laki mbili, siku mbili, na watoto wawili

Swali: "Mimi ni mshona nguo wa Ngamiani, Tanga. Likizo hii nataka kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, wakaione Bagamoyo wanayoisoma shuleni. Nina laki mbili tu. Tutaondoka Jumamosi na lazima turudi Jumapili usiku, Jumatatu nina nguo za watu. Jirani kaniambia pesa hiyo haitoshi hata viingilio. Itatosha? Nianzie wapi, na kipi niache?"

Jibu: Itatosha, dada, na viingilio havitakula sehemu kubwa. Pesa ya Bagamoyo huishia njiani: kwenye nauli ya kwenda Dar ambako huna shida nako, kwenye bajaji za kwenda na kurudi kwa sababu ratiba imepangwa kombo, na kwenye soda ya tatu ya mtoto aliyetembezwa juani saa saba mchana. Kwa hiyo nitaanza na njia, nitakaa huko kidogo, ndipo tuingie mjini.

Kwanza futa wazo la kwenda na kurudi siku moja, kama unalo. Watu wa Tanga mna msemo wenu wa waja leo waondoka leo, lakini Bagamoyo ukiiondokea leo hiyohiyo utakuwa umelipa nauli kamili ili uione stendi.

Wengi wanaotoka Tanga hupanda basi la Dar hadi mwisho, Mbezi, wakatafuta daladala ya kuwafikisha Makumbusho, halafu gari la Bagamoyo. Huko ni kupita mlangoni kwa mwenyeji ukaenda kugeuzia mtaa wa pili. Wewe shuka Msata. Iko kwenye barabara kuu ya Segera kwenda Chalinze, kabla hujaifikia Chalinze yenyewe, na hapo ndipo inapochepuka lami ya kilomita 64 hadi Bagamoyo.

Hesabu yake ni hii. Kiwango kilichotangazwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, mwishoni mwa 2023 kwa basi la daraja la kawaida kwenye lami kilikuwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kila kilomita, na la daraja la kati shilingi 67.84. Kiwango kikibadilika, badilisha namba hiyo tu, ukokotoaji ni uleule. Tanga hadi Msata ni kama kilomita 210, yaani karibu 10,200 kwa daraja la kawaida. Msata hadi Bagamoyo 3,100. Jumla 13,300 kwa mtu mmoja kwa safari moja. Kwa kupitia Dar ni kilomita kama 350 na nyingine kama 70, yaani 20,400, bado hujalipa daladala za mjini. Tofauti ni 7,100, na nyinyi mko watatu, kwenda na kurudi: inafika 42,600. Hiyo ni gesti na chakula cha siku nzima. Kumbuka mtoto anayekalia kiti hulipiwa kiti, usitegemee kuwapakata hao wa miaka 9 na 12.

Hesabu hii huharibikia dirishani kwa wakala. Ukisema "Msata", wengine hukukatia tiketi ya Dar kwa nauli ya Dar, kwa hoja kwamba kiti kikibaki wazi kuanzia Msata hawana wa kumuuzia. Kwa watu watatu hapo inapotea elfu ishirini kwa safari moja. Fika stendi ya Kange Ijumaa jioni, siyo alfajiri ya safari ukiwa na watoto na mabegi, uulize kampuni mbili tatu mambo matatu: basi ni la daraja gani, tiketi itaandikwa kituo gani cha kushukia, na je, basi linapita Chalinze au linakata Msata kupitia Bagamoyo. Swali la mwisho ndilo la maana zaidi, kwa sababu baadhi ya mabasi hukata Msata yakiingia Dar kwa barabara ya Bagamoyo. Ukilipata la hivyo, hubadilishi gari. Utashushwa barabara kuu ukamalizie kipande kifupi. Soma tiketi kabla ya kuondoka dirishani. Kama imeandikwa Dar, irudishe hapohapo.

Barabara ya pwani ya Pangani na Saadani usiihesabu kwa safari hii, hata kama kwenye ramani inaonekana fupi. Imekuwa ikijengwa vipande vipande, na kwa mtu wa basi mwenye siku mbili, njia ya uhakika ni Segera.

Panda gari la saa 12 asubuhi. Kwa mwendo wa kawaida na kusimamishwa njiani utakuwa Msata kati ya saa 4 na saa 5. Kosta za Bagamoyo huondoka zikijaa, kwa hiyo weka saa nzima ya kusubiri kwenye hesabu usije ukakasirika. Saa 7 mchana mko Bagamoyo.

Gesti tafuta upande wa mjini, karibu na soko na stendi, siyo ufukweni. Ufukweni unalipia upepo, na upepo wenyewe utaupata bure jioni. Omba chumba kimoja chenye kitanda kipana au vitanda viwili, na useme tangu mwanzo kwamba una watoto, maana ziko gesti za saa ambazo hazikufai. Kabla ya kulipa fungua bomba, funga kitasa kwa ndani, na ukunjue neti yote uikague kwenye mwanga: tundu moja linatosha kuwanyima usingizi wote watatu. Nenda na kitambulisho chako cha NIDA. Utaandikishwa nacho gesti, na kwenye vituo vya malikale, yaani majengo na magofu ya kale, ndicho kinachokupa kiingilio cha Mtanzania, ambacho ni kidogo sana kuliko cha mgeni. Watoto wabebe vitambulisho vya shule kama wanavyo.

Mkishakula, laleni kidogo. Msitoke kabla ya saa 9. Mji Mkongwe wa Bagamoyo umepangwa sambamba na bahari, na bahari iko mashariki, kwa hiyo alasiri jua linaangukia nyuma ya majumba na upande wa ufukweni unapata kivuli. Ukitoka saa 7 kwa pupa unaungua kwa mambo yaleyale.

Mtaa wa kufuata ni mmoja tu, Mtaa wa India, na ufuate kutoka kusini kwenda kaskazini. Anzia Ngome Kongwe, jumba la mawe la 1860 lililojengwa na tajiri wa Kiarabu, Abdallah Marhabi, na baadaye likatumiwa na Wajerumani na Waingereza, likapata kuwa hata gereza. Panda mbele uifikie Boma ya Wajerumani, iliyokamilika 1897, halafu Liku House, makao yao ya kwanza ya utawala kabla ya hiyo Boma, kisha forodha ya zamani na soko la samaki chini yake, na posta ya zamani. Mwendo wote ni wa miguu na kwa mtoto wa miaka 9 haumchoshi. Mengi ya haya unayatazama kwa nje, bila senti. Mtu akikudai kiingilio cha kupita barabarani, mwombe risiti ya serikali. Malipo halali yana namba ya kumbukumbu ya malipo, siyo noti mkononi.

Ningekushauri utumie nusu saa nzima kwenye milango, kwa sababu ni makumbusho ya bure na watoto huwa hawaoni kitu mpaka waonyeshwe. Chagua mlango mmoja wa nakshi msimame karibu. Ule mti uliosimama katikati, unaofunika mahali mbao mbili zinapokutana, ndio mfaa, na mara nyingi ndio uliochongwa kwa ufundi mkubwa kuliko sehemu zote. Wape watoto kazi: watafute mnyororo unaozunguka fremu, watafute maua, watafute mahali chini ambapo nakshi inafanana na mawimbi au magamba ya samaki. Halafu waulize kizingiti cha juu ni cha mstari mnyoofu au kimepinda upinde. Wewe ni mshonaji, utaona mwenyewe jinsi fundi alivyorudia umbo moja bila kukosea nafasi, kama mtu anayedarizi bila kuchora kwanza. Mlango wenye vifundo vya shaba vilivyochomoza unaelekea kwenye mtindo wa Kihindi, na ndiyo sababu mtaa una jina hilo: wafanyabiashara wa Kihindi ndio waliokuwa wakiwakopesha wenye misafara bidhaa na fedha.

Soko la samaki linanoga alasiri, mashua zikirudi na mnada ukiwa umechangamka. Simama kando, mnada una lugha yake na mwenye haraka hana subira na watalii. Hapo pia ndipo chakula chenu cha jioni: wakaanga samaki wana makarai yao, unachagua kipande na kuambiwa bei kabla hakijaingia kwenye mafuta. Bei itajwe kwanza, ndiyo kanuni. Muhogo wa kukaanga na kachumbari pembeni, mmeshiba. Mkienda mwezi wa Ramadhani jua kwamba mchana mama lishe wengi hawapiki, bebeni chakula cha watoto.

Kama maji yamekupwa, waonyeshe watoto jahazi lililoegemea ubavu kwenye mchanga. Nyie wa Tanga hamhitaji kufundishwa kupwa na kujaa, ila hapo kuna somo la historia lililolala mbele yenu. Pwani ya Bagamoyo ni kina kifupi. Jahazi linaweza kukaa kwenye mchanga likasubiri maji, meli kubwa ya chuma haiwezi, ililazimika kutia nanga mbali. Wajerumani waliokuwa wameifanya Bagamoyo makao yao makuu walihamia Dar es Salaam 1891, kwenye bandari yenye kina. Ndiyo maana Dar imejaa maghorofa na Bagamoyo bado ina majumba yake ya mawe. Mtoto akilielewa hilo, ameshafaidika na nauli.

Kuoga baharini msioge hapo kwenye soko. Sogeeni mbali kidogo, watu wanapooga.

Jumapili anzeni na Kaole, kiasi cha kilomita 5 kusini mwa mji. Sababu za mpangilio huu ni mbili: magofu hayana kivuli cha kutosha, heri myaone asubuhi kabla jua halijawa kali, na Misheni, iliyo upande wa kaskazini, huwa na misa Jumapili asubuhi, kwa hiyo ukiibakiza baadaye hugongani na waumini. Chukua bajaji moja kwa wote watatu na mpatane bei ya mambo matatu kwa pamoja: kwenda, kusubiri saa moja na nusu, kurudi. Kosa la kawaida ni kulipa kwenda tu kwa sababu inaonekana nafuu. Ukifika kule magari ya kurudi ni haba, na anayetokea anajua huna jinsi. Lipa nusu ya kwenda, nusu mkirudi. Kutembea kwa miguu kupitia ufukweni sikushauri, mama peke yako na watoto na mkoba. Pwani ile ina vipande vitupu.

Kaole ndipo mahali ambapo pesa ya muongozaji inastahili, maana mawe peke yake hayasemi. Kuna magofu ya misikiti miwili na makaburi ya kale, na mji wenyewe huhesabiwa kuanzia karne ya 13, zamani sana kabla Bagamoyo haijavuma. Bandari yake ilikufa kwa tope na mikoko, na ukiangalia upande wa bahari utaiona hiyo mikoko imesimama mahali vyombo vilipokuwa vikiingia. Msogelee ukuta wa msikiti uone ulivyojengwa: matumbawe yaliyokatwa baharini, yakashikizwa kwa chokaa iliyopatikana kwa kuchoma matumbawe mengine. Ukipitisha kidole utahisi vitundu vya mdudu aliyewahi kuishi ndani ya jiwe. Kwenye makaburi ya mnara, tafuteni mashimo ya duara. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyotoka ng'ambo, na waliozikwa hapo walikuwa watu wa uwezo. Mabakuli mengi hayapo tena, shimo limebaki na alama ya tako la bakuli. Kuna pia kaburi la Sharifa, ambalo watu huja kuliombea dua mpaka leo. Mkimkuta mtu yuko kwenye dua, piteni mbali na simu ikae mfukoni.

Patana na muongozaji kwa kundi, siyo kwa kichwa, na mtaje vituo vyote mtakavyopita. Awe na kitambulisho cha kazi. Saa moja inatosha kwa Kaole. Mjini na Misheni unaweza kwenda mwenyewe.

Misheni ni mwendo wa bajaji ileile mkirudi, mwombe awashushe huko mwongeze kidogo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868 na kuanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Makumbusho yao yana kiingilio na yanastahili, ndiyo pekee mjini ningekwambia ulipe hata kama umebakiwa na kidogo. Mnara uliobaki wa kanisa la kwanza, la 1872, ndiko ulikolazwa mwili wa David Livingstone usiku mmoja wa Februari 1874, baada ya watumishi wake Chuma, Susi na wenzao kuubeba kwa miguu kutoka bara kwa miezi mingi. Wasimulie watoto habari ya wabebaji, maana vitabu vya shule vimeshamsimulia mbebwa.

Hapo Misheni kuna mbuyu wenye mnyororo, na hapo ndipo waongozaji wa mitaani wanapochanganya. Utaambiwa ni mnyororo wa watumwa. Simulizi ya Misheni yenyewe ni ya upole zaidi: mama mmoja wa Kifaransa, Chevalier, aliutumia kumfungia punda wake, akausahau, na mti ukaendelea kunenepa ukaumeza. Kinachoonekana leo ni kipande kidogo tu kinachochungulia kwenye gome. Utumwa Bagamoyo ulikuwepo kweli na ushahidi wake ni mwingi, hauhitaji kuongezewa mnyororo wa punda.

Jina la mji nalo utalisikia likielezwa kwa uhakika mkubwa kwamba ni "bwaga moyo" ya mtumwa anayeacha moyo wake bara kabla ya kuvushwa. Maelezo mengine, ambayo binafsi nayaona yana uzito, ni ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka bara na pembe za ndovu mabegani: wakifika pwani ndipo wanapobwaga mzigo na moyo ukatulia. Waelezeni watoto yote mawili wabishane wenyewe kwenye basi, njia ni ndefu.

Unachoweza kukiacha bila kujuta ni shamba la mamba karibu na Kaole, ambalo watoto watalililia, na makaburi ya Wajerumani, ambayo hawatayalilia. Karavanserai, mahali misafara ilipojikusanya, ni ya kuingia kama Jumamosi bado mna nguvu. Haiko mbali na mnakopita. Tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, ambalo hufanyika robo ya mwisho ya mwaka, ni zuri mno, lakini wiki hiyo vyumba hupanda bei na kwa laki mbili utabanwa. Na masika, Machi hadi Mei, usiende: mtakaa gestini mkitazama mvua.

Sasa gawanya pesa kabla hujatoka nyumbani, kila fungu na bahasha yake. Nauli 80,000, na 15,000 ya dharura ya njia, kama utalazimishwa daraja la kati kwa safari moja. Chumba 25,000. Chakula 40,000 kwa wote, ukiwa umebeba chapati na mayai ya kuchemsha ya safari ya kwenda. Viingilio na muongozaji 25,000. Bajaji 10,000. Maji 5,000, na ununue dumu kubwa dukani mjaze chupa zenu, siyo chupa ndogo kila kona. Inafika laki mbili kamili. Bahasha ya bajaji ndiyo nyembamba, ikipungua chota kwenye ya dharura, usiguse ya nauli ya kurudi.

Jumapili ondokeni Bagamoyo saa 7:30 mchana, msizidishe. Saa 9 muwe Msata upande wa magari yanayotoka Dar. Siku moja kabla mpigie wakala wa basi mliyempata Kange, umwombe viti vitatu kuanzia Msata, akupe namba ya basi. Bila hivyo utasimamisha gari lililojaa, na utingo atakwambia mpande tu, viti vitapatikana Segera. Usikubali kuwasimamisha watoto hadi huko. Ngoja linalofuata, magari ya Tanga hupita hapo mpaka jioni.